Mwenzi Wako Anapopooza Upande Mmoja: Kuchagua na Kutumia Kiti cha Magurudumu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi ya watoto, matumizi ya pesa nyumbani, mambo ya wakwe na kusameheana. Mara hii naomba tujifunze jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii mpaka siku limebisha hodi. Mmoja wenu anapatwa na kiharusi, ugonjwa ambao wengi tunauita stroki, na upande mmoja wa mwili unapooza. Mtasema hiyo ni kazi ya daktari, si ya katekista. Ni kweli, dawa na kupima presha ni kazi ya daktari. Lakini mgonjwa akishatoka hospitali analetwa nyumbani, na anayemwinua kitandani asubuhi si daktari. Ni yule aliyesimama naye mbele ya altare wakaahidiana kutoachana katika magonjwa na katika afya.

Kwa kazi yangu ya kutembelea wagonjwa nimeingia nyumba nyingi zenye kiti cha magurudumu. Vingi vya viti hivyo vimewekwa pembeni mwa sebule, vimetundikwa nguo, na mgonjwa yuko kitandani. Na nimeona jambo linalonisikitisha zaidi: mume na mke ambao hawajagombana hata siku moja, lakini wanalala vyumba tofauti kwa sababu kiti hakipiti kwenye mlango wa chumba chao. Hakuna aliyeamua watengane. Kiti ndicho kilichoamua.

Kiti tulichonunua bila kupima

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, fundi seremala, alipooza upande wa kulia. Upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio unaoendesha usemi pia. Kwa hiyo mzee alipoteza maneno. Alielewa kila kitu, lakini kinywani lilitoka neno moja moja, tena si lile alilolitaka.

Sisi wanajumuiya tukafanya harambee, watoto wake wakaongeza, kikanunuliwa kiti kipya kinachong'aa kutoka duka moja mjini. Hakuna aliyempima mzee. Hakuna aliyemwuliza. Tulikikabidhi baada ya Misa kwa makofi na picha. (Tunapenda sana kupigwa picha tukikabidhi kitu.)

Kiti kilikuwa kipana kuliko mzee, naye amekonda, basi akawa anaegemea upande uliopooza kama gunia lililopakiwa vibaya. Kikalio kilikuwa juu mno, hata mguu wake mzima wa kushoto ukaning'inia bila kugusa sakafu. Alipojaribu kujisukuma kwa mkono mmoja wa kushoto, kiti kilizunguka mahali pamoja. Watoto walicheka, ingawa hawakuwa na nia mbaya. Baada ya wiki mbili akaacha kujaribu. Mkewe akamfunga kifuani kwa leso asianguke, akamtandikia kitanda sebuleni kwa kuwa kiti hakikupita mlango wa chumbani.

Kosa langu mimi mwenyewe nalo nilitaje. Jumapili moja nilikwenda kusaidia kumpeleka kanisani, nikamshika mkono uliopooza nikamvuta ainuke. Mkono uliopooza hauna misuli ya kulilinda bega. Ukiuvuta, mfupa wa mkono unaweza kuteguka kidogo pale begani. Mzee alipiga kelele, na bega likamsumbua kwa wiki nyingi. Hakuna aliyewahi kunifundisha, na mimi sikuwa nimeuliza.

Vipimo vinne kabla ya kutoa pesa

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya kusukumwa kwa mkono katika nchi zisizo na uwezo mkubwa. Mwongozo huo unasema mtu apimwe, achaguliwe kiti kinachomfaa, kirekebishwe mwilini mwake, afundishwe kukitumia, kisha afuatiliwe baadaye. Wengi wetu hufanya jambo moja tu, kununua. Nendeni kwanza kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya kaunti au ya misheni iliyo karibu, mkiwa wote wawili. Lakini hata kabla ya kwenda, mnaweza kuchukua utepe wa fundi cherehani mkapima hivi nyumbani.

Pimeni upana. Mgonjwa akiwa ameketi wima kwenye benchi ngumu, pima mahali palipo papana zaidi kwenye nyonga. Kikalio cha kiti kiwe sawa na hapo au kizidi kidogo tu, kiasi cha kupitisha kiganja kilichonyooka kila upande. Kiti kipana hakimpi raha kama tunavyodhani. Kinampinda mgongo.

Pimeni kina, yaani kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti. Mtu akiketi hadi nyuma kabisa, ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kikalio na nyuma ya goti. Kikalio kirefu kuliko hapo humvuta mtu ateleze mbele, na mkimwona anateleza mnafikiri tatizo ni yeye.

Kipimo cha tatu ndicho kikubwa kwa aliyepooza upande mmoja, na ndicho kinachosahauliwa: urefu wa kikalio kutoka chini. Viti vingi vya dukani vina kikalio kilicho kama sentimita 50 kutoka sakafuni. Aliyepooza upande mmoja hujiendesha kwa mkono mmoja na mguu mmoja, vyote vya upande ulio mzima. Mkono husukuma ringi ya gurudumu, na mguu huvuta sakafu ukitanguliza kisigino. Mguu huo ndio usukani, maana ndio unaozuia kiti kisizunguke mahali pamoja. Sasa kama mguu haufiki chini, mtu huyo amefungwa. Kwa hiyo tafuteni kiti cha chini, ambacho kikalio chake huwa kama sentimita 44, au kiti ambacho magurudumu yake yanaweza kubadilishwa mahali ili kikalio kishuke. Pima kutoka kisigino, akiwa amevaa kiatu, mpaka nyuma ya goti. Huo ndio urefu unaotakiwa, pamoja na mto wa kukalia ukishawekwa. Msisahau mto, maana nao unainua.

Upande wa mguu mzima, kibao cha kukanyagia kitolewe kabisa ili mguu uwe huru. Upande uliopooza kibao kibaki, tena mguu uwekwe juu yake vizuri, maana mguu uliopooza ukiteleza chini huvutwa na kupindwa kiti kikienda mbele.

Kipimo cha nne si cha mwili, ni cha mlango. Kiti chenye kikalio cha sentimita 45 huwa na upana wa karibu sentimita 65 ukipima nje kwa nje, na vidole vya mkono navyo vinahitaji nafasi. Pimeni mlango wa chumba cha kulala ukiwa wazi, kisha wa choo, kisha wa jikoni. Ukikosa sentimita mbili tatu, mng'oeni mlango kwenye bawaba mtundike pazia zito. Mtapata nafasi, na heshima ya chumba itabaki.

Kuhusu aina nyingine nitasema kwa ufupi. Ile baiskeli ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, ambayo tumezoea kuwaona nayo ndugu zetu waliopooza miguu, kwa kawaida inataka mikono miwili, kwa hiyo msiinunue kwa sababu tu mmeiona barabarani. Vipo viti vyenye ringi mbili upande mmoja, ili mkono mmoja uendeshe magurudumu yote mawili. Vinafaa wachache, maana ni vizito na vinataka akili iliyotulia. Vya umeme vinataka macho na akili timamu, stima, na fundi. Kama nyumba yenu iko kwenye udongo au mchanga, tazameni magurudumu ya mbele. Yakiwa madogo na membamba yatazama. Na tairi za upepo ni laini kwenye njia mbaya, tena zinazibwa na fundi yeyote wa baiskeli, mradi saizi yake inapatikana kwenu.

Wa kuwasaidia wapo. Shirika la APDK, linalohudumia walemavu nchini Kenya tangu mwaka 1958, hutengeneza viti vya magurudumu. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, husajili walemavu, na aliyesajiliwa anaweza kuomba msaada wa vifaa. Ulizeni pia Caritas ya jimbo. Na jumuiya zinazofanya harambee nazisihi: pesa zikishapatikana mpelekeni mgonjwa akapimwe kwanza, hata kama makofi yatachelewa mwezi mmoja.

Mzee wetu alibadilishiwa namna hiyo. Mtaalamu alishusha kikalio, akatoa kibao cha kushoto, akaweka sponji ngumu ubavuni mwa kulia ili asiegemee, na ubao mdogo juu ya mkono wa kiti ili mkono uliopooza ulale hapo badala ya kuning'inia. Leso ya kifuani akaitupa. Alieleza kwamba kitambaa kilichofungwa kifuani ni hatari, kwani mtu akiteleza kinampandia shingoni. Kama mkanda unahitajika, hufungwa chini, juu ya mapaja pale nyonga zinapokunjika.

Wiki kadhaa baadaye nilibisha hodi kwao. Nilizoea kuitikiwa na mama. Siku hiyo mlango ulifunguka polepole, nikamkuta mzee mwenyewe kwenye kiti, jasho likimtoka, mkono wa kushoto umeshika kitasa. Alisema neno moja, "Karibu." Mama alikuwa jikoni, akaniambia tangu ndani, "Mwalimu, usimsaidie. Ameniambia nisiguse."

Kumhamisha bila kumwumiza, na bila kuumia

Ajali nyingi hazitokei kiti kikiwa njiani. Hutokea mtu anapotoka kitandani kuingia kitini, au kitini kwenda chooni. Jifunzeni hili mbele ya mtaalamu, lakini nitaeleza mfuatano wake ili mpate kukumbushana.

Kiti kiwekwe upande wa mwili ulio mzima, kimegeuzwa kidogo kuelekea kitanda, si sambamba wala si mbele kabisa. Breki zote mbili zifungwe. Vibao vya kukanyagia viinuliwe au vigeuzwe pembeni. Mtu asisimame kamwe juu ya kibao, maana kiti kitampindukia. Mgonjwa asogee mpaka ukingo wa kitanda, avae viatu vinavyoshika sakafu (si malapa), nyayo zote mbili zikanyage chini. Wewe simama mbele yake, karibu na upande uliopooza, na goti lako lizuie goti lake lililo dhaifu lisikunjike. Mshike kiunoni, kwenye mshipi au mkanda imara. Usimshike mkono uliopooza, usimwingize mikono kwapani, wala asikuning'inie shingoni.

Sasa ainame mbele, kichwa kipite juu ya magoti. Hapa ndipo wengi tunakosea. Tunamvuta juu moja kwa moja kama kung'oa mhogo, naye anarudi nyuma kwa woga. Akiinama mbele, uzito wake wenyewe unamwinua. Hesabuni pamoja, moja, mbili, tatu, asimame kwa mguu wake mzima, anyooshe mkono mzima ashike mkono wa kiti ulio mbali, ageuke kidogo kidogo, aketi polepole. Wakati wa kurudi kitandani, geuzeni kiti ili upande mzima uwe ndio ulio karibu na kitanda. Kila mara upande mzima utangulie.

Kitanda na kiti vikiwa na kimo kimoja kazi inakuwa nusu. Kitanda kifupi kinaweza kuinuliwa kwa vipande vya mbao vilivyochimbwa katikati ili miguu ya kitanda isiteleze. Mzee wetu alimwelekeza mwanawe kwa mkono wa kushoto namna ya kuvichonga, na nasikia walibishana sana.

Akina mama, na ninyi akina baba wenye migongo mibovu: kama mwenzi wako ni mzito kuliko uwezo wako, ita mtu wa pili. Si aibu. Mke mmoja aliniambia alikuwa akimwinua mumewe peke yake kwa sababu aliona kuita kijana wa jirani ni kumvua mume heshima. Waliishia wote wawili sakafuni, na yeye akalala mgongo ukimuuma wiki nzima bila wa kumhudumia mume. Ulizeni mapema: "Baba watoto, siku nguvu zikinishinda, unataka nimwite nani?" Aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe hamvui mtu heshima.

Anayesahau upande wa kushoto

Anapopooza upande wa kushoto, ubongo ulioumia ni wa kulia, na mara nyingine hutokea jambo la ajabu. Mtu haoni kwamba ana upande wa kushoto. Macho yake ni mazima, lakini akili haiuhesabu upande huo. Anakula nusu ya sahani. Anagonga mlango kwa gurudumu la kushoto kila siku, pale pale. Anasahau kufunga breki ya kushoto. Mkono wake wa kushoto unaanguka kando na kuingia kwenye spoksi.

Bwana mmoja alinijia akiwa na hasira na mkewe wa namna hii. "Mwalimu, ninamwambia kila siku funga breki ile, na kila siku hafungi. Nadhani ananidharau kwa kuwa sasa ndiye mimi ninayepika." Nilimwambia sijui ugonjwa, twende tukaulize. Mtaalamu alipomweleza, yule bwana alinyamaza kwa muda mrefu. Miezi minne alikuwa amemkaripia mkewe kwa kosa la ubongo ulioumia.

Walichofanya ni rahisi. Mpini wa breki ya kushoto uliongezwa urefu kwa kipande cha bomba ili aufikie kwa mkono wa kulia, nao ukazungushiwa utepe mwekundu. Mkono wa kushoto uliwekewa ubao wa kuulaza mbele yake, mahali anapouona. Bwana akajifunza kuketi kushoto kwake na kumsemesha kutoka huko, ili kichwa chake kizoee kugeuka. Kila kabla ya kuinuka, mke husema kwa sauti, "Kulia, kushoto, miguu," akigusa kila kimoja. Mwenye tatizo hili asiachwe peke yake karibu na jiko, ngazi au barabara mpaka mtaalamu aseme. Na kwa kuwa nimetaja ugonjwa unaoonekana kama tabia, jueni pia kwamba baada ya kiharusi wengine hulia au kucheka ovyo bila sababu. Huo nao ni ugonjwa. Msiwalipize kwa maneno.

Ngozi, breki na mteremko

Kukaa mahali pamoja hufunga damu, na mahali palipooza panaweza kuwa hapasikii maumivu ya kuonya. Kidonda kikishaanza matakoni kinachukua miezi kupona, na kinaweza kuua. Mto wa kukalia uwe wa sponji ngumu, si mto wa kulalia uliokunjwa. Mwaweza kuupima hivi: akiwa ameketi, ingiza vidole chini ya mfupa wa kukalia, kiganja kikitazama juu. Ukiweza kuvichezesha vidole, mto unafaa. Vikiwa haviwezi kucheza lakini vinatoka kirahisi, ni onyo. Vikibanwa kabisa, mto haufai. Kila nusu saa hivi aegemee mbele na pembeni kwa dakika moja au mbili. Na kila jioni mwenzi wake amtazame ngozi. Kwenye ngozi yetu nyeusi msingoje wekundu. Tafuteni mahali palipozidi weusi, penye joto au ugumu kuliko pengine. Mkiona hivyo, asikalie mahali hapo mpaka paonekane na muuguzi.

Kazi hii ya kutazamana mwili kila jioni ni ya mume na mke. Kama mnaweza, msimwachie binti yenu wala msichana wa kazi.

Breki za viti vingi hubana tairi. Maana yake tairi ikipungua upepo, breki haishiki hata ukiifunga. Kwa hiyo kila Jumamosi mtieni upepo, mkaze nati, mtazame spoksi, mjaribu breki kwa kusukuma kiti kikiwa kimefungwa. Dakika kumi zinatosha.

Mteremko mkali ushukwe kinyumenyume, msukumaji akiwa chini akitazama nyuma, gurudumu kubwa likitangulia. Kizingiti nacho kishukwe kinyumenyume. Kupanda, inamisha kiti nyuma kidogo, magurudumu madogo yapande kwanza, kisha sukuma. Mwambieni mgonjwa kabla ya kuinamisha, maana hofu ya kutupwa humfanya ashike gurudumu. Mkibeba kiti kwenye ngazi au kwenye matatu, msishike sehemu za kuwekea mikono, kwani nyingi huchomoka. Shikeni chuma cha mwili wa kiti.

Mkijenga njia ya mteremko mlangoni, kipimo kinachotumika ni 1 kwa 12: kizingiti cha sentimita 10 kinataka njia ya sentimita 120. Wajenzi wengi hufanya fupi kwa kubana simenti, ikawa kama paa la nyumba. Hili nawaambia pia wazee wa makanisa. Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, na tangu mwaka 1993 tunaiadhimisha tarehe 11 Februari. Siku hiyo tunawabeba wagonjwa kuwaingiza kanisani kwa furaha kubwa, kisha Jumapili inayofuata ngazi tatu za mlangoni zinawazuia. Wale watu wanne wa Kapernaumu waliomleta aliyepooza walitoboa paa. Sisi tunaombwa mifuko miwili ya simenti.

Nani anasukuma, na nani anaamua

Narudi kwa ndoa, kwa kuwa hapa ndipo nimeona machozi mengi. Mke wa yule fundi aliwahi kuniambia, "Mwalimu, mimi sina mume tena. Nina mtoto mkubwa." Sikumkemea. Alikuwa amechoka, na alikuwa anasema kweli juu ya maisha yao ya siku zile. Alimlisha, akamvalisha, akamsukuma alikotaka yeye, akamjibia wageni walipomsalimu. Hakuwa amekusudia kumnyang'anya kitu. Ila kila siku mzee alipoteza jambo moja la kuamua, mpaka hakubaki na lolote.

Kwa hiyo kabla ya kukisukuma kiti, uliza. "Twende nje, au tubaki?" Kama hawezi kusema, ngoja anyooshe kidole, hata kama ni dakika nzima. Anachoweza kufanya kwa mkono mmoja, mwache afanye, ingawa wewe ungekifanya upesi zaidi. Mgeni akimwuliza mke, "Mzee anaendeleaje?" na mzee yuko pale pale, geuza swali limrudie yeye. Pesa za nyumba, karo, shamba, mwendelee kuzungumza wawili.

Na wewe uliyepooza, mwenzi wako si mtumishi wako. Nimekutana na waume wanaoamrisha kutoka kitini kana kwamba ugonjwa umewapa cheo. Mwachie nafasi ya kwenda Misa, ya kukaa na wenzake wa chama, ya kulala mchana. Mruhusu ndugu au mwanajumuiya akae nawe saa mbili. Mshukuru kwa sauti, na kama sauti haipo, kwa mkono.

Kuhusu kitanda, nitasema wazi kwa kuwa wengi huniuliza nje ya kanisa wakinong'ona. Kiharusi peke yake hakifungi tendo la ndoa. Presha ikishatulia, mwulizeni daktari, wote wawili mkiwa mbele yake. Aliyepooza alale kwa namna isiyougandamiza mkono na bega lililo dhaifu, mwenzi wake awe upande ulio mzima ili aweze kumgusa na kuguswa. Zikipita siku nyingi bila tendo hilo, kulala chumba kimoja, kushikana mkono na kusali Baba Yetu pamoja gizani si jambo dogo. Ndiyo maana nimewasumbua na sentimita za mlango.

Mwisho, kiti si hukumu. Wengi hupata nguvu za kusimama na kutembea hatua chache, wengine zaidi. Mazoezi yasiachwe kwa sababu kiti kimepatikana, na mwulizeni mtaalamu ni saa ngapi kwa siku akae kitini na saa ngapi ajaribu kusimama. Rudini kwake baada ya miezi michache, maana mwili hubadilika, na kiti kilichofaa mwezi wa pili chaweza kisifae mwezi wa kumi.

Maswali ya kuzungumzia mkiwa wawili

1. Mmoja wetu akipooza leo, ni mlango gani wa nyumba hii hautapitisha kiti? Upimeni jioni hii.

2. Ni nani ungependa akusaidie kuogeshwa au kuinuliwa mimi nikishindwa? Kila mmoja ataje jina.

3. Ni jambo gani moja nyumbani ungependa uendelee kuliamua mwenyewe, hata kama huwezi kusema?

4. Mara ya mwisho kila mmoja wetu kupimwa presha ilikuwa lini?